Sorby: Mwingereza aliyefichua siri ya chuma kwa hadubini

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa pamba wa Mwandoya, wilayani Meatu mkoani Simiyu, plau yake ikikatika katikati ya msimu, hutazama palipokatika na kusema chuma kimechoka au kimeliwa na kutu.

Hadi katikati ya karne ya 19, wahandisi wa Ulaya nao walitegemea jicho tupu. Mei 1842, ekseli ya treni ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Baada ya ajali za namna hiyo, wengi waliamini kuwa mtikisiko wa muda mrefu hukigeuza chuma kuwa fuwele, kikavunjika.

Aliyeonyesha ukweli ni Henry Clifton Sorby, aliyezaliwa Mei 10, 1826 karibu na Sheffield, Uingereza, mji maarufu kwa visu na feleji. Baba yake alifariki Sorby akiwa bado kijana, akamwachia mali ya kumtosha kuishi bila kuajiriwa. Hakuoa, maisha yake yote aliyatoa kwa sayansi.

Mwaka 1849 alianza kusugua vipande vya mawe hadi vikawa vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, kisha akavitazama kwa hadubini. Wapo waliombeza, wakiona ni kichekesho kuchunguza milima kwa chombo cha kutazamia vitu vidogo.

Kutoka kwenye mawe alihamia kwenye vimondo vya chuma, jamii ya Kimondo cha Mbozi kilichopo mkoani Songwe. Vimondo vingi vya aina hiyo, vikisuguliwa na kupakwa tindikali, huonyesha mistari iliyopishana. Sorby alitaka kujua kama chuma cha kiwandani nacho kina umbo la ndani.

Mwaka 1863 alichukua kipande cha feleji, akaking'arisha kama kioo, akakipaka tindikali hafifu ya naitriki. Tindikali haikukila kwa usawa, na mipaka ya chembe ikajitokeza. Chuma, kumbe, ni fuwele tangu kinapoganda.

Alitangaza matokeo hayo mjini Bath mwaka 1864, lakini wachache walimjali, naye akaiweka kando kazi hiyo kwa takriban miaka 20. Baadaye alikumbuka kuwa enzi hizo, kama angeshauri reli iliyosababisha ajali ichunguzwe kwa hadubini, angedhaniwa mwendawazimu.

Aliirejea katika miaka ya 1880, akiwa na hadubini ya kukuza mara 650. Aliona matabaka membamba ndani ya feleji, yenye mng'ao wa lulu, ambayo leo wataalamu huyaita pelaiti. Wakati huo Adolf Martens wa Ujerumani naye alikuwa ameanza uchunguzi kama huo kwa njia yake.

Sorby mwenyewe hakuchunguza nyufa zitokanazo na kutu, bali waliomfuata walitumia njia yake. Jeshi la Uingereza nchini India lilisumbuliwa na maganda ya risasi, yaliyotengenezwa kwa shaba na zinki, kupasuka yakiwa ghalani msimu wa mvua.

Hadubini ilionyesha ufa ukipita katika mipaka ya chembe. Mwaka 1921 watafiti wa Uingereza walieleza chanzo: mkazo uliobaki ndani ya metali tangu kiwandani, ukikutana na hewa yenye amonia, mfano ile itokayo kwenye mazizi ya farasi. Tiba ilikuwa kuyapasha maganda joto la wastani ili mkazo upungue.

Sorby alishiriki pia kukiendeleza Chuo cha Firth, kilichokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Sheffield mwaka 1905. Alifariki Machi 9, 1908, akiwa na umri wa miaka 81.

Hadi leo, bomba la boila au bawa la ndege likipata ufa, mafundi hukata kipande, hukisugua, hukipaka tindikali na kukitazama kwa hadubini, kama alivyofanya Sorby mwaka 1863.