Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyewarejeshea wazazi wa Kanda ya Ziwa watoto wao

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

MZAZI anayeteremka kilima cha Bugando jijini Mwanza akiwa amemshika mkono mwanawe aliyepona uvimbe wa taya, huenda hajapata kumsikia mtu aitwaye Denis Burkitt. Shukrani zake huzielekeza kwanza kwa Mwenyezi Mungu, kisha kwa madaktari na wauguzi waliokesha na mtoto, na kwa ndugu na majirani waliochangishana nauli ya kumfikisha mjini. Hata hivyo jina la mtu huyo limeandikwa kwenye faili la mtoto, kwa sababu ndilo jina la ugonjwa wenyewe.

Saratani ya Burkitt ni maradhi adimu duniani. Katika nchi nyingi daktari wa watoto anaweza kustaafu akiwa ameona wagonjwa wachache tu. Lakini katika nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria, yaani Tanzania, Uganda na Kenya, ni miongoni mwa saratani zinazowapata watoto zaidi, hasa wale wa umri wa kuanza shule, na wavulana kuliko wasichana. Uvimbe huanza kwenye taya au tumboni. Meno hulegea, jicho husukumwa nje, na kwa kuwa hakuna uvimbe wa binadamu unaokua kwa kasi kuushinda, mtoto aliyekuwa akicheza mwanzoni mwa mwezi anaweza kuwa mahututi mwezi huo ukiisha.

Mtu aliyeutambua ugonjwa huo na kuuonyesha ulimwengu alizaliwa mbali sana na ziwa hili. Denis Parsons Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali, lakini muda wake wa mapumziko aliutumia kuchunguza ndege. Aliwavisha pete miguuni ili aweze kuwatambua mmoja mmoja, kisha akachora ramani za mahali kila ndege alipoishi. Mtoto wake angekuja kuifanya kazi ya namna hiyo kwa maradhi.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipata ajali iliyompotezea jicho moja. Alianza masomo ya uhandisi katika Chuo cha Trinity mjini Dublin, akifuata nyayo za baba yake, lakini baada ya kushika imani ya Kikristo kwa bidii alihamia udaktari, akahitimu mwaka 1935. Miaka mitatu baadaye alikuwa daktari bingwa wa upasuaji.

Alipoomba kazi ya utabibu katika makoloni ya Uingereza huko Afrika Magharibi, alikataliwa. Waliompima waliona kuwa mpasuaji mwenye jicho moja hafai. Burkitt hakukata tamaa. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto alijiunga na kikosi cha matabibu wa jeshi, na utumishi huo ukamleta Afrika Mashariki. Mwaka 1943 alikuwa amemwoa muuguzi Olive Rogers, ambaye angemzalia mabinti watatu. Vita vilipokwisha aliomba tena kazi, safari hii Uganda, na mwaka 1946 akapokelewa. Katika maisha yake yote Burkitt aliuhesabu ule mlango uliofungwa kuwa jambo la kumshukuru Mungu, kwa kuwa ndio uliomfikisha kwenye kazi aliyoumbiwa.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, kaskazini mwa Uganda. Huko alifanya upasuaji wa busha kwa wanaume wengi, na akaona jambo ambalo wengine walikuwa wamelipita. Upande wa mashariki wa wilaya ile busha lilikuwa ugonjwa wa kawaida kabisa, ilhali upande wa magharibi lilikuwa nadra. Aliandika habari hiyo kwenye jarida la kitabibu. Sababu yake, yaani minyoo ya matende inayosambazwa na mbu, ilieleweka baadaye, lakini Burkitt alikuwa amejifunza somo moja kubwa: kuuliza ugonjwa uko wapi na hauko wapi.

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Hapo ndipo, mwaka 1957, daktari mwenzake, Hugh Trowell, alipomwita wodi ya watoto kumwangalia mvulana wa miaka ipatayo mitano. Taya zake zote mbili, ya juu na ya chini, zilikuwa zimevimba kulia na kushoto. Burkitt alishangaa. Jipu hushika mahali pamoja, na uvimbe wa saratani pia aghalabu huanza mahali pamoja. Huyu alikuwa nao pande nne kwa wakati mmoja. Alimpiga picha, akaandika kumbukumbu, na hakuwa na jibu.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, mji ulio ukingoni mwa ziwa hili hili, pale Mto Nile unapoanzia. Akiwa anazungukia wagonjwa alichungulia dirishani, akamwona mama ameketi kwenye majani nje ya hospitali na mwanawe. Uso wa mtoto yule ulikuwa umevimba kama wa mvulana wa Mulago. Burkitt aliacha alichokuwa akikifanya akatoka nje. Alipompima mtoto aligundua kuwa tumboni pia mlikuwa na uvimbe.

Kuanzia siku hiyo alifukua majalada ya zamani ya Mulago na kuona kuwa watoto wa namna hiyo walikuwepo wengi. Hata Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo, alikuwa amechora nyuso kama hizo katika kumbukumbu zake mwanzoni mwa karne ya 20. Jambo lililokosekana ni mtu wa kuona kuwa uvimbe wa taya, wa jicho, wa figo na wa ini ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 Burkitt alichapisha makala yake katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Makala hiyo haikuvuma. Wataalamu wa maabara mjini Kampala ndio waliokuja kuthibitisha kuwa ilikuwa saratani ya chembechembe za kinga za mwili, aina ya limfoma.

Kisu cha upasuaji hakikuwasaidia watoto hao, na mashine za mionzi hazikuwepo Uganda. Wazazi walimfikisha mtoto hospitalini baada ya safari ndefu, mara nyingi wakiwa wamekwisha pita kwa mganga wa jadi au kwa mng'oa meno, na Burkitt, mpasuaji mwenye sifa, hakuwa na cha kuwapa. Hali hiyo ndiyo iliyomsukuma kutafuta chanzo.

Kwa msaada wa paundi 25 tu alichapisha karatasi za maswali zenye picha za wagonjwa, akazituma kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika. Kila jibu lililosema ugonjwa upo aliliwekea pini kwenye ramani iliyotundikwa ofisini kwake. Pini zikachora mkanda uliokatisha katikati ya bara, kaskazini na kusini ya ikweta, wenye mkia uliotelemka pwani hadi Msumbiji.

Ili kujua mkanda huo uliishia wapi, Oktoba 1961 Burkitt aliondoka Kampala na madaktari wawili wamisionari, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari kuukuu aina ya Ford walilolinunua kwa paundi 250. Williams alikuwa fundi hodari wa magari, na ufundi huo ulihitajika sana. Kwa wiki kumi walisafiri maili 10,000, yaani kilometa zipatazo 16,000, hadi Afrika Kusini na kurudi, wakitembelea hospitali zipatazo 60. Walipita Tanganyika katika miezi ile ile ambayo wananchi walikuwa wakijiandaa kuupokea Uhuru wa Desemba 9. Kila walipofika walionyesha picha na kuuliza swali lile lile: mmewahi kumwona mtoto kama huyu?

Majibu yalionyesha kuwa ugonjwa haukupenda baridi wala ukame. Katika Afrika Mashariki, nyanda za juu zaidi ya futi 5,000 zilikuwa hazina wagonjwa. Mwambao wa ziwa, ulio kwenye mita zipatazo 1,134 kutoka usawa wa bahari, wenye joto, mvua na mbu, ulikuwa nao. Alexander Haddow, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa virusi pale Entebbe, alipoitazama ramani aliona inalingana na ramani za maradhi yanayoenezwa na wadudu. Baadaye Burkitt alizingatia pia kuwa Zanzibar na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita, ugonjwa huo ulikuwa nadra.

Kabla ya safari hiyo, Machi 1961, alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali moja ya London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwepo mtafiti kijana, Anthony Epstein, ambaye mara moja alihisi kuwa kuna kirusi. Walikubaliana kupeleka London kwa ndege vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kukiona kirusi hicho, ambacho leo huitwa Epstein-Barr. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Watu wengi duniani wanacho bila kudhurika. Wanasayansi leo wanaeleza kuwa ni pale malaria isiyokoma inapoidhoofisha kinga ya mtoto mdogo mwenye kirusi hicho ndipo saratani hupata nafasi.

Ushahidi wa uhusiano huo ulitafutwa pia katika ardhi ya Tanzania. Kati ya mwaka 1977 na 1982 watafiti wa kimataifa waligawa vidonge vya klorokwini kwa watoto wa chini ya miaka 10 katika Mara Kaskazini, eneo la Tarime na Rorya za leo. Wagonjwa wa saratani hiyo walipungua, ingawa ilibainika kuwa upungufu ulikuwa umeanza kabla ya vidonge kugawiwa, na vimelea vya malaria navyo vikaanza kuizoea dawa. Suala hilo halikufungwa pale, lakini mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliitaja malaria ya maeneo yenye maambukizi makali kuwa kisababishi kinachoelekea sana kuhusika.

Habari iliyoleta furaha kwa familia ilikuwa ya matibabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Burkitt alianza kuwapa watoto dawa mpya za saratani, methotreksati na saiklofosfamidi, alizozipata kwa msaada wa wataalamu na watengenezaji wa ng'ambo. Mjini Nairobi, Peter Clifford alikuwa akifanya vivyo hivyo. Uvimbe uliokuwa umeziba uso wa mtoto ulinywea ndani ya siku chache. Wengine ulirudi na kuwaua. Lakini wapo waliopewa dozi moja au mbili tu, wakaenda nyumbani, wakakua. Kwa mama aliyekwisha kata tamaa, kuiona tena sura ya mwanawe ilikuwa kama kumzaa mara ya pili. Burkitt mwenyewe alizitunza picha za watoto hao, za kabla na za baada ya dawa, na kuzionyesha kwa fahari kila alipoalikwa kuzungumza.

Mwaka 1966 alirejea Uingereza na familia yake. Mwaka uliofuata kituo maalumu cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, kikawa chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mwaka 1972 Burkitt alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker ya Marekani, na mwaka huo huo akachaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi wa Uingereza.

Uzee wake aliutumia kuhubiri ulaji wa vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alikuwa ameona kuwa wanavijiji wa Afrika, waliokula nafaka zisizokobolewa, viazi, kunde na mboga, hawakusumbuliwa na maradhi ya utumbo yaliyojaza hospitali za Ulaya. Wakazi wa mijini walioacha dona na kuhamia sembe wana sababu ya kumkumbuka kwa hilo pia. Alifariki Machi 23, 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Katika nchi tajiri, watoto wengi sana wanaougua saratani ya Burkitt, wapatao tisa kati ya kumi, hupona. Katika Kanda ya Ziwa, ambako Hospitali ya Bugando iliyofunguliwa mwaka 1971 huwapokea watoto wa mikoa kadhaa, dawa zipo na madaktari wapo, lakini bado wapo wanaopotea. Adui mkubwa ni kuchelewa. Jino hung'olewa, kisha la pili, mtoto hupelekwa kwa mganga, nauli hutafutwa, kivuko cha Ukerewe husubiriwa, na uvimbe unaojizidisha maradufu kwa siku moja au mbili haungoji. Wengine huacha matibabu katikati, wakidhani uso ukirudi katika hali yake ugonjwa umekwisha.

Burkitt alianza na mama mmoja aliyeketi kwenye majani akingoja, na mtoto aliyeonekana kwa bahati kupitia dirishani. Familia zinazorejea Sengerema, Magu, Musoma au Ukerewe na watoto wazima zinajua maana ya kuonekana mapema. Nyingi kati yao hutoa shukrani kwa njia ambayo isingemshangaza daktari yule: zikimwona jirani ana mtoto mwenye meno yaliyolegea bila sababu, hazisubiri kuulizwa, humwelekeza hospitali.