Learie Constantine: kutoka uwanja wa kriketi hadi Baraza la Malodi

Mwili wa mwanamichezo huchoka mapema. Akifika miaka 35 au 40, miguu haikimbii tena kama zamani, na swali linakuja: baada ya hapa nitaishi kwa kazi gani? Wengine huwa makocha, wengine hufungua biashara, na wengine husahaulika kabisa.

Leo tunawaletea habari za maisha ya Learie Constantine. Alikuwa nyota wa kriketi, kisha akawa afisa wa ustawi wa wafanyakazi, wakili, waziri, balozi, na mwishowe mjumbe wa Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge la Uingereza. Alizaliwa mwaka 1901 na kufariki mwaka 1971. Mambo aliyoyapigania yanawagusa wenyeji na wakimbizi pia: kupata chumba ulichokilipia, kupata kazi bila kutazamwa rangi, na kutendewa haki ukiwa mgeni katika nchi ya watu.

Mtoto wa mnyapara

Constantine alizaliwa tarehe 21 Septemba 1901 katika kijiji cha Petit Valley, kisiwani Trinidad, ambacho wakati huo kilikuwa koloni la Uingereza. Baba yake, Lebrun, alikuwa mnyapara katika shamba la kakao huko Maraval. Wazazi wa mama yake, Anaise, walikuwa watumwa. Kwa hiyo utumwa katika familia hiyo haukuwa hadithi ya mbali. Ulikuwa umewapata babu na bibi.

Kriketi pia ilikuwa mali ya familia. Baba yake na mjomba wake walicheza katika timu ya West Indies, inayounganisha visiwa vya Karibi. Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, ambao unachezwa pia Kenya, Uganda na Rwanda: kila timu ina watu 11. Timu moja hurusha mpira ili kuangusha vijiti vitatu, na nyingine huupiga kwa ubao ili kupata mbio. Constantine aliweza yote mawili, kurusha na kupiga. Lakini alisifiwa zaidi kwa kudaka, kwani mpira ukiruka karibu naye ilikuwa shida kumponyoka.

Alipomaliza shule mwaka 1917 aliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya mawakili mjini Port of Spain. Alitamani kuwa mwanasheria. Lakini kijana mweusi asiye na fedha wala jina la ukoo mkubwa hakuwa na njia ya kufika huko. Kazi nzuri zilikuwa za Wazungu na watu wa rangi nyepesi. Hata katika kriketi, kwa desturi ya wakati ule, nahodha wa West Indies alitoka kwa Wazungu, hata kama wachezaji bora walikuwa weusi. Constantine alihama kazi moja hadi nyingine, na kwa muda akawa karani katika kampuni ya mafuta. Aliona kwamba Trinidad haingempa nafasi, na kwamba kilichoweza kumtoa ni kriketi.

Mkataba wa Nelson

Mwaka 1928 timu ya West Indies ilikwenda Uingereza, na Constantine alikwenda akiwa na lengo lake: kupata mkataba wa kulipwa. Katika uwanja wa Lord's mjini London, dhidi ya timu ya Middlesex, alipata mbio 86 katika zamu ya kwanza. Kisha akawatoa wapigaji saba kwa mbio 57 tu, na katika zamu ya pili akapata mbio 103 na kuipa timu yake ushindi. Kabla msimu haujaisha alikuwa na mkataba na klabu ya Nelson, kuanzia mwaka 1929.

Nelson ni mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, na wakati huo uliishi kwa viwanda vya kufuma nguo. Watu weusi walikuwa wachache mno. Constantine alipofika na mkewe, Norma, watu waliwakodolea macho barabarani. Barua za matusi zilikuja. Constantine alifikiria kuondoka, lakini Norma alimsihi wavumilie. Walikaa. Walipanga nyumba katika mtaa wa Meredith, binti yao Gloria akakulia hapo, na majirani wakawazoea. Katika misimu tisa ambayo Constantine aliichezea Nelson, timu ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Lancashire mara saba. Watazamaji walijaa uwanjani, na klabu iliyokuwa na madeni ikapata fedha.

Mwaka 1932 alimkaribisha nyumbani kwake rafiki kutoka Trinidad, mwandishi C. L. R. James, aliyekuja Uingereza bila kazi ya uhakika. Wawili hao walikaa jioni nyingi wakijadili siasa na uhuru wa visiwa vyao. Constantine alimsaidia James kwa fedha ili achapishe maandishi yake ya kudai Wakaribi wajitawale. Wakati huohuo alianza kuitwa kuhutubia watu wa makanisa na vyama kuhusu maisha ya Karibi. Hivyo kazi yake ya pili ilianza kabla ya ile ya kwanza kwisha.

Afisa wa ustawi wakati wa vita

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Constantine alikaribia miaka 38 na angeweza kurudi kwao. Alibaki. Wizara ya Kazi ya Uingereza ilimwajiri kuwa afisa wa ustawi, ofisi yake ikiwa Liverpool. Mafundi na vijana kutoka Karibi walikuwa wanaletwa kufanya kazi katika viwanda vya silaha, na yeye ndiye aliyewashughulikia.

Kazi hiyo wengi wetu tunaifahamu, maana inafanana na ile ya maafisa wa jamii tunaowaona kambini na makazini. Mwenye nyumba anakataa kumpangisha mgeni, inabidi uende kuzungumza naye. Mwajiri anasema wafanyakazi wake hawataki kukaa na watu weusi, inabidi umshawishi. Kijana ana baridi, ana upweke, hajui desturi za hapo, inabidi umsikilize. Constantine alikuwa na faida moja kubwa: karibu kila mtu kaskazini mwa Uingereza alikuwa amemwona uwanjani au amesikia jina lake. Milango iliyofungwa kwa wengine ilimfungukia, naye akaitumia nafasi hiyo kuwaingiza wenzake.

Usiku wa hoteli

Tarehe 30 Julai 1943 Constantine alifika Hoteli ya Imperial, London, pamoja na mke na binti yake. Alikuwa amekuja kuongoza timu ya West Indies kwenye mechi katika uwanja wa Lord's. Alikuwa ameweka nafasi ya siku nne, amelipa amana, na alikuwa ameuliza mapema kama rangi yake ingeleta tatizo. Aliambiwa haina tatizo.

Walipofika, wakaambiwa wanaweza kulala usiku mmoja tu. Sababu ilikuwa kwamba hotelini kulikuwa na Wamarekani weupe ambao wasingependa kukaa na mtu mweusi. Mkubwa wake wa kazi alikuwepo, akajaribu kuwatetea, lakini alijibiwa kwa maneno ya dharau. Mtumishi wa serikali, katika nchi iliyokuwa inapigana na Wanazi, akaonekana hafai kulala hotelini. Familia ikaenda hoteli nyingine.

Constantine alifungua kesi. Tatizo ni kwamba wakati ule Uingereza haikuwa na sheria yoyote iliyokataza ubaguzi wa rangi. Mawakili wake wakatumia kanuni ya kale, iliyowekwa kwa ajili ya wasafiri: mwenye nyumba ya wageni hana ruhusa ya kumkataa msafiri bila sababu ya haki. Hoteli ilijitetea kwamba alipata chumba mahali pengine, kwa hiyo hakupata hasara.

Juni 1944 Jaji Birkett wa Mahakama Kuu alitoa hukumu. Aliamini ushahidi wa Constantine na akasema haki yake ilivunjwa. Fidia ilikuwa gini tano, yaani pauni tano na shilingi tano. Kiasi hicho kilikuwa kidogo sana, lakini Constantine hakuwa ameifuata fedha. Alitaka mahakama iseme wazi kwamba alikosewa, na ikasema. Magazeti yaliandika, na watu wengi waliokuwa wakidhani ubaguzi ni jambo la nchi nyingine walianza kuuona kwao.

Heshima aliyonyimwa hotelini aliipata kwa wachezaji wenzake. Agosti 1945, timu ya wachezaji kutoka nchi mbalimbali za himaya ilipocheza na England uwanjani Lord's, wenzake, ambao walikuwa Wazungu, walimchagua yeye awe nahodha. Walishinda.

Mwanafunzi wa makamo

Baada ya vita Constantine alirudi kwenye ndoto aliyoiacha akiwa karani. Alisoma sheria London huku akiandika na kuzungumza redioni ili kulisha familia. Masomo hayakuwa mepesi kwa mtu aliyeacha shule miaka 30 nyuma. Mwaka 1954, akiwa amevuka miaka 50, alikubaliwa kuwa wakili. Mwaka huohuo alitoa kitabu, Colour Bar, kuhusu ubaguzi alioushuhudia.

Kampuni ileile ya mafuta iliyokuwa imemwajiri ujanani kama karani ikamwita tena Trinidad, safari hii kama mshauri msaidizi wa sheria. Lakini siasa za uhuru zilikuwa zimepamba moto. Alijiunga na chama cha PNM cha Eric Williams, akawa mwenyekiti wake. Mwaka 1956 alishinda ubunge wa Tunapuna na akawa waziri aliyesimamia mawasiliano na ujenzi. Trinidad na Tobago ilipopata uhuru tarehe 31 Agosti 1962, Constantine alikuwa London kama Kamishna Mkuu, cheo cha balozi katika nchi za Jumuiya ya Madola. Mwaka huo pia Uingereza ilimpa cheo cha Sir.

Mabasi ya Bristol

Mwaka 1963 kampuni ya mabasi ya mji wa Bristol ilikuwa haiwaajiri watu weusi na Waasia kuwa madereva wala makondakta. Kijana Guy Bailey alinyimwa usaili baada ya kampuni kugundua kwamba ni mweusi. Kuanzia tarehe 30 Aprili, Paul Stephenson na wenzake waliwahimiza watu kususia mabasi hayo.

Kwa kawaida balozi hukaa kimya katika mambo ya ndani ya nchi mwenyeji. Constantine hakukaa kimya. Alilaani ubaguzi huo hadharani, akaandikia kampuni na akazungumza na wakubwa wenye mamlaka juu yake. Tarehe 28 Agosti 1963, siku ileile Martin Luther King alipohutubia umati mjini Washington, kampuni ilitangaza kuacha ubaguzi katika ajira. Mwezi uliofuata kondakta wa kwanza asiye Mzungu, Raghbir Singh, alianza kazi.

Ushindi huo ulimgharimu. Serikali yake haikupendezwa na balozi kujiingiza hivyo, na mwaka 1964 akaondoka kwenye ubalozi.

Sheria ambayo hakuwa nayo

Constantine alibaki London. Mwaka 1965 Uingereza ilipitisha sheria ya kwanza dhidi ya ubaguzi wa rangi katika sehemu za umma, zikiwemo hoteli. Bodi ilipoundwa mwaka 1966 kupokea malalamiko, ilikuwa na wajumbe watatu, na yeye alikuwa mmoja wao. Mtu aliyefukuzwa hotelini mwaka 1943, bila sheria ya kumlinda, sasa alikaa mezani kusikiliza kesi za wengine. Sheria hiyo ilikuwa na mapengo, kwani haikugusa ajira wala nyumba za kupanga. Mambo hayo yaliongezwa mwaka 1968. Mwaka huohuo aliteuliwa kwenye bodi ya magavana ya BBC.

Mwaka 1969 akawa mtu wa kwanza mwenye asili ya Afrika kuingia Baraza la Malodi. Afya yake ilikuwa imedhoofika, na hakupata muda wa kuzungumza sana humo. Alifariki London tarehe 1 Julai 1971, akiwa na mpango wa kurudi nyumbani. Mwili wake ulipelekwa Trinidad, akazikwa kwa heshima za kitaifa, na akapewa nishani ya juu kabisa ya nchi hiyo. Norma, aliyemsihi wasikimbie Nelson, alimfuata miezi miwili baadaye.

Anayeingia Baraza la Malodi huongeza jina la mahali kwenye cheo chake. Constantine alichagua mahali pawili: Maraval, alikokulia, na Nelson, mji uliomkodolea macho siku ya kwanza na mwishowe ukamwita wake.