Imamu Shafi na Misingi ya Hukumu

Sisi watu wa pwani tukiulizwa madhehebu yetu hujibu kuwa ni Shafi, lakini ni wachache wamjuao mwenyewe. Jina lake ni Muhammad bin Idris, Mkureshi, naye amezaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra (767), mwaka ule ule aliofariki Imamu Abu Hanifa. Babaye alikufa naye angali mchanga, mamaye akamchukua Makka. Na kwa ufukara wao akiandika masomo yake katika mifupa. Kisha akaenda Madina kwa Imamu Malik, na Malik alifariki mwaka 179.

Baadaye alipata kazi Yemen, akasingiziwa kuwa pamoja na wapinzani wa Khalifa Harun al-Rashid, akapelekwa mbele yake, Mungu akamwokoa. Iraq alisoma kwa Muhammad bin al-Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa. Basi akawa amekusanya elimu ya pande mbili.

Aliona watu wa Madina wakishika sana ada ya mji wao, na wa Iraq wakishika sana rai. Ndipo katika kitabu chake Risala akaipanga misingi: Kur'ani, Sunna, Ijmai, kisha Kiasi. Kadhi hana ruhusa kuhukumu kwa vile aonavyo vyema tu.

Misingi hii inaingia nyumbani, sokoni na katika jinai. Abu Hanifa amemjuzishia mwanamke baleghe kujioza. Shafi asema hapana ndoa bila walii. Mwizi hakatwi mkono ila kwa kilichofika thamani ya robo dinari, ilhali Mahanafi wasema dirhamu kumi. Ama katika biashara, Malik asema mapatano yakishafungwa yamekwisha. Shafi akasema wauzianao wana hiari ya kuvunja maadamu hawajaachana pale walipo, kwani ndivyo isemavyo Hadithi. Na Hadithi hiyo Malik mwenyewe ameipokea katika Muwatta! Hakuna aliyemtukuza Malik kuliko Shafi, lakini heshima ya mwalimu haikumfunga ulimi. Na hao wajibuo kila swali kwa kusema kuwa ndivyo walivyowakuta wazee wao, kisha wakajiita Mashafi, sisi hatujui wamemfuata Shafi yupi.

Hata rai zake mwenyewe hakuzionea haya. Alipohamia Misri, karibu na mwaka 199, aligeuza nyingi katika alizozitoa Iraq, ndiyo maana vitabuni twasoma kauli ya kale na kauli mpya. Akawausia wanafunzi wake kuwa ikisihi Hadithi, waache kauli yake.

Kwetu Kenya, Katiba ya 2010 imewaachia makadhi hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Milango ya biashara na jinai iliyomo katika Al-Umm twaisoma darasani.

Alifariki Misri mwisho wa Rajabu mwaka 204 (820), umri wake miaka 54, akazikwa Karafa. Kuba lililo juu ya kaburi lake lilijengwa na Sultani al-Kamil mwaka 608 (1211).