Bwana wa Juja Aliyelala Kilima Mbogo

Ruiru ninakoishi ni bara kweli kweli. Ukitoka nje alfajiri, baridi hukukumbusha kuwa Mombasa iko mbali. Lakini siku mbingu zikitakata, upande wa mashariki huonekana mlima uliokaa peke yake uwandani. Ni Kilima Mbogo, ambao Wamasai huuita Ol Donyo Sabuk. Begani mwa mlima huo amezikwa mtu ambaye wengi wetu tumelisoma jina lake mlangoni mwa maktaba ya Nairobi, tusijue alikuwa nani.

William Northrup McMillan alizaliwa mwaka 1872 katika mji wa St. Louis, Marekani. Baba yake alitajirika kwa kiwanda cha mabehewa ya reli. Kijana akarithi mali, na mali ikamtia hamu ya kutembea. Mwaka 1903 aligharimia safari ya mashua katika mto Naili ya Buluu kule Uhabeshi, nazo mashua zikavunjika kwenye maporomoko. Haukupita muda mrefu, yeye na mkewe Lucie wakaja kukaa upande huu wa kwetu, wakamiliki maelfu ya ekari. Shamba akaliita Juja. Husimuliwa kwamba jina limetokana na masanamu mawili, Ju na Ja, aliyoyapata Afrika Magharibi. Hadithi hiyo naitoa kama nilivyoisikia.

Alikuwa pandikizi la mtu. Husemwa mkanda wa upanga wake ulikuwa wa inchi 64. Na alikuwa karimu kwa wageni. Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, aliposhuka Mombasa Aprili 1909 kuja kuwinda, alikaribishwa Juja. Vita Kuu vilipozuka, McMillan aliitoa nyumba yake ya Chiromo, Nairobi, wauguziwe humo maofisa, na mwaka 1918 akapewa cheo cha Sir.

Alifariki mwaka 1925 huko Nice, Ufaransa, naye alikuwa ametaka azikwe kileleni mwa mlima wake. Sisi tuliozoea kumzika maiti siku ile ile tutastaajabu: mwili ulisafirishwa baharini hadi huku, ukavutwa kwa trekta, nalo likashindwa na mwinuko. Akazikwa hapo trekta lilipokomea.

Hawakujaliwa mtoto. Bibi Lucie akamjengea mumewe ukumbusho, nao ni Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, yenye simba wawili wa mawe mbele yake. Aliyewahi kuswali Ijumaa Nairobi anaijua, kwani imepakana na Msikiti wa Jamia. Wakati ule msikiti ulikuwa bado unajengwa. Lakini maktaba ilikuwa ya Wazungu peke yao. Muumini aliyetoka kuswali, hata akiwa mwanachuoni wa vitabu vingi, aliweza kuwatazama simba tu na kupita zake. Hapo ndipo sifa za ukarimu wa Juja hunikwama kooni: mgeni wa mbali alitandikiwa meza, na jirani wa ukuta mmoja akafungiwa mlango.

Nilipopanda mlimani nilikuta makaburi yamepangana: la Sir William, la Bibi Lucie, la mtumishi wao Louise Decker, na kando yao la mbwa wao. Bibi Lucie alifariki mwaka 1957. Mwaka uliofuata, 1958, maktaba ikafunguliwa kwa watu wote.