Maisha ya Sam Ntiro, Mchoraji wa Machame

Sam Joseph Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, penye miteremko ya Kilimanjaro, nchi ya migomba na mifereji, ambako wamisionari wa Leipzig walifungua kituo mwaka 1893. Katika ujana wake akaenda Makerere, Uganda. Huko Bibi Margaret Trowell, Mwingereza, alikuwa ameanza kufundisha uchoraji mwaka 1937, naye hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya, bali wachore yale waliyoyajua wenyewe. Ntiro akalishika neno hilo.

Mwaka 1952 akavuka bahari kwenda London, akasoma katika chuo cha uchoraji cha Slade hata 1955. Lakini picha zilizomletea sifa si za majumba ya mji ule. Ni za nyumbani, watu wakilima, wakivuna, wakibeba. Ijulikanayo zaidi aliichora mwaka 1956, nayo imo katika Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York. Yaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi wakati wa usiku. Msomaji asikwazike kwa ajili ya pombe. Mzigo ule ni ishara ya nyumba mbili zinazounganishwa kuwa jamaa moja.

Katika karne ya 19 wachoraji wengine wa Ulaya, kama Mjerumani Caspar David Friedrich, walionyesha utulivu kwa maji yasiyo na wimbi, kwa ukungu, na kwa mtu mmoja aliyetupa mgongo, akitazama mbali peke yake. Utulivu wa Ntiro ni wa namna nyingine. Watu wake ni wadogo mbele ya nchi iliyowazunguka, lakini hawako peke yao. Walikuwapo waliosema ya kuwa picha hizo ni za kitoto, kwa kuwa hazifuati kanuni za Ulaya za vivuli na umbali. Sisi twaona kwamba hao walipima nguo kwa pishi.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Ntiro akawa Balozi wake London hata 1964. Baadaye alisimamia mambo ya utamaduni serikalini, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafariki mwaka 1993.

Sisi tukaao Dar es Salaam twapita Kariakoo katikati ya makelele ya soko. Jina la mtaa huo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita ya 1914 hata 1918. Wengi wao walitwaliwa kwa nguvu, na maelfu walikufa. Hata leo mizigo yabebwa pale, kichwani na kwa mikokoteni, kila mtu na wake. Mchoraji wa Machame alituachia picha ya mzigo mwingine, ubebwao pamoja na kwa hiari, kupelekwa kwenye furaha ya jirani. Hapo ndipo utulivu wa picha zake ulipo.