Mwana Kupona binti Msham: Mgonjwa Aliyeacha Urithi

Marehemu Mwana Kupona binti Msham alikuwa mwenyeji wa Pate, katika visiwa vya Lamu. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepigana na majeshi ya Sultani wa Unguja, alifariki mwaka 1856. Bibi huyu akabaki mjane; kisha maradhi yakamshika mwaka mzima, asipate wasaa wa kumwusia bintiye, Mwana Hashima.

Mwaka 1858 alimwita binti akae karibu naye, na wino na karatasi. Katika utenzi huo alimfunza dini, adabu ya ulimi na mwenendo wa nyumba, tena akamwomba Mola amwondolee ugonjwa. Alifariki yapata mwaka 1860, lakini utenzi wake wa beti zipatazo 100 ungali ukisomwa.

Enyi ndugu wa Gitaza na mwambao wote wa Tanganyika, tuzingatie: mwili wake ulidhoofika, fadhila yake haikupungua. Basi tumwendeapo mgonjwa tusichukue uji na dua tu. Tuketi, tumsikilize, kwani huenda anayo amana ingojayo mpokeaji. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awajalie wagonjwa wetu shifaa, na wawauguzao subira. Amin.