Ronald Ngala: Mwalimu aliyeondoka mara mbili

Ukishukia Barabara ya Ronald Ngala jijini Nairobi, ujue jina hilo ni la mwalimu Mgiriama kutoka Kilifi.

Ngala alisoma Alliance, kisha akachukua diploma ya ualimu Makerere. Akarudi Pwani kushika chaki hadi akawa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton, Mombasa. Kwa Mwafrika wa enzi hizo, hiyo ilikuwa kazi ya maana: mshahara upo, heshima ipo. Lakini 1957, Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, aliweka chaki chini akagombea kiti cha Pwani. Akashinda.

Kuondoka kwa pili ndiko kulikouma. Akiwa kiongozi wa KADU, alipigania majimbo ili jamii ndogo zisimezwe. Baada ya uhuru akawa kinara wa upinzani. Ila wabunge wake walianza kuhamia KANU mmoja mmoja. Novemba 1964 akavunja chama, akaingia upande wa Jomo Kenyatta. Wapo wafuasi waliohisi wameachwa mataani. Baadaye akapewa uwaziri, na alikuwa bado waziri alipofariki siku ya Krismasi 1972, kufuatia ajali ya barabarani.

Mara ya kwanza aliondoka mambo yakiwa sawa. Mara ya pili, watu wake walikuwa washaanza kuondoka. Wewe unayeandika barua ya kuacha kazi usiku huu, yako ni ipi?